Sura ya Saba: Mlango wa Chumba cha Tano

Kabati la nguo la mzee Saveli Burmakin lilisema zaidi ya majirani wote waliohojiwa asubuhi ile.

Kapteni Agnia Tuchkova wa idara ya upelelezi alilifungua milango yote miwili, akarudi nyuma hatua moja, akatazama. Makoti mawili ya baridi yalikuwepo. Sare ya wanamaji, ya sherehe, ilikuwepo, medali zimefunikwa kwa mfuko wa nailoni. Nje, kwenye ghuba iliyoganda, askari wake walikuwa wakitembea kwa mstari juu ya barafu, wakichungulia kila tundu la wavuvi. Mkuu wa kituo alishaamua: mzee mgonjwa wa kusahau katoka alfajiri, kaenda kuvua, kazama. Kilichobaki ni kuupata mwili.

"Keekee yake ya kutobolea barafu iko wapi?" Agnia aliuliza.

"Barazani, mwanangu," alijibu Klavdia Tikhonovna, mke wa mzee, akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai ambacho hakukinywa. "Na ndoana ziko pale. Niliwaambia vijana wako. Wakaniambia, mama, kaa chini."

"Hukukaa."

"Nikae, na mume wangu yuko nje kwenye baridi? Miaka ishirini alikuwa chini ya bahari, nikikaa chini nangoja. Nimemaliza zamu yangu ya kukaa."

Agnia alitabasamu kidogo. Alipitisha mkono kwenye nguo zilizoning'inia, kisha akachuchumaa kutazama rafu ya viatu. Kati ya viatu vya kiangazi na galoshi palikuwa na nafasi tupu isiyo na vumbi.

"Hapa palikuwa na nini?"

Bibi aliinama, akaweka kikombe sakafuni. 

"Kandambili zake. Za ngozi, zenye matundu. Za kule ndani ya nyambizi." Akageuka haraka kwenye kabati, akasukuma makoti. "Na suti ya buluu haipo. Ile ya pamba, ya kuvaa wakiwa kazini chomboni. Mimi huifua kila msimu, sijui kwa nini, haivai tena."

"Na mguuni ametoka na nini?"

"Buti za sufu. Nilizishona soli mwenyewe."

Kwa hiyo mtu huyu hakwenda kuvua. Mvuvi havai suti ya pamba kwenye baridi ya Machi. Mtu aliyebeba kandambili zenye matundu kwapani alikuwa anakwenda mahali pamoja tu: kazini.

"Mama Klavdia, jana usiku jirani wa chini alisikia makelele. Anasema mkweo, Demyan, alimfokea mzee."

"Valeria wa chini angesikia makelele hata kwenye kaburi. Demyan hafokei. Mzee hasikii vizuri, basi unampazia sauti."

"Alimpazia sauti akisema nini?"

"Alisema, inakusubiri. Inakusubiri, baba. Sikuuliza ni nini. Nilikuwa nageuza chapati za maziwa."

*

Lango la karakana ya kuvunja nyambizi, alikofanya kazi Demyan, lilikuwa na vizuizi viwili. Cha kwanza kilikagua kadi. Cha pili kilikagua mionzi, wakati wa kutoka zaidi kuliko wa kuingia. Cha pili kilisimamiwa na Rufina, mwanamke mwenye mabega mapana na mdomo usiopumzika, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekalia cha kwanza pia, kwa sababu mwenzake alikuwa na mafua.

"Demyan? Kapita," alisema. "Kapita mara mbili, yule mpumbavu."

"Mara mbili vipi?"

"Kadi yake ililia asubuhi mapema kabisa. Halafu basi la zamu likaja, namwona Demyan huyo, kajibana katikati ya wenzake, anapita bila kuweka kadi. Nikamwambia, we bwana harusi, umepita au hujapita? Akasema nimepita, nilirudi kuchukua sigara. Demyan havuti sigara."

"Na wa kwanza? Ulimwona uso?"

"Uso gani, afande! Wote wamejifunga skafu mpaka machoni. Nikaona mtu kainama, kabeba furushi, anatembea pole pole. Nikasema huyu jana alikunywa." Rufina alinyamaza, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ulipumzika. "Alinipigia saluti. Watu wetu hawapigi saluti."

Klavdia Tikhonovna, aliyekataa katakata kubaki nyumbani, aliushika mkono wa Agnia.

Demyan Zhukov walimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, anafunga koti lake zito la mchomeleaji. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye masikio mekundu. Alipomwona mama mkwe wake na afande pamoja, akaketi.

"Nionyeshe kadi yako," Agnia alisema.

"Iko nyumbani."

"Nimetoka nyumbani."

"Basi imedondoka."

"Kama imedondoka, basi imejiokota na kupita langoni yenyewe. Demyan, mkuu wangu anatafuta maiti kwenye barafu. Akiikosa, atatafuta aliyeificha. Mtu wa kwanza atakayemkuta ni wewe. Mlizozana usiku, kadi yako imetumika, na sasa unanidanganya mbele ya mama yake mkeo."

"Sikuzozana naye!" Demyan alisema kwa ukali. "Anauliza kila siku. Kila jioni nikirudi, Varvara iko wapi. Varvara iko wapi. Mimi namwambia baharini, baba, iko safari. Miezi hii yote namwambia iko safari, na mchana kutwa niko ndani yake nafunga matundu. Narudi nyumbani nanuka mpira wake ulioungua. Jana alilia. Nikashindwa. Nikamwambia imerudi, iko gudini, inakusubiri."

Varvara ndilo jina ambalo watu wa mji ule waliipa tangu zamani nyambizi aliyotumikia mzee, na halikuandikwa popote.

"Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu," Demyan aliendelea. "Asubuhi haipo. Nikadhani nimeipoteza. Ukipoteza kadi hapa, unafukuzwa siku hiyohiyo. Sikufikiri kuwa..." Akamtazama bibi. "Mama, mimi nilitaka tu alale vizuri."

Klavdia Tikhonovna alimpiga kofi jepesi kisogoni, kisha mkono ukabaki palepale, ukimshika. "Alilala vizuri," alisema. "Alilala kama mtoto. Simama, twende."

*

Kilichobaki cha Varvara kilikaa katikati ya gudi, lile birika kavu la kuvunjia meli, kama pipa kubwa lililokatwa ncha zote mbili. Pua ilishakwenda, mkia ulishakwenda, vimekatwa vipande na kupakiwa kwenye mabehewa ya chuma chakavu. Fueli ya nyuklia iliondolewa tangu mwaka uliopita. Kilichosalia ni kinu cha nyuklia chenyewe, kilichozimika, pamoja na chumba kimoja mbele yake na kimoja nyuma, vilivyoondolewa kila kitu ili viwe maboya ya kukifanya kielee. Vyumba hivyo vikishazibwa kwa bamba la chuma, pipa zima huvutwa kwa boti la kukokotea meli hadi ng'ambo ya ghuba, likae pale mpaka wajukuu wa wajukuu.

Msimamizi wa gudi, mhandisi Vikenti Osipovich, aliwapokea chini ya ngazi akiwa na kofia ya manyoya juu ya helmeti.

"Tumeshatafuta, afande. Walinzi wameita kila mahali. Hakuna mtu. Na mimi bamba la chumba cha tano linaning'inia kwenye kreni, lazima lichomelewe kabla ya upepo wa mchana. Nipe huyo mchomeleaji wangu."

"Chumba cha tano mmeingia?"

"Hakiingiliki. Mlango umegoma. Lakini si kitu, ni kitupu, jana tumetoa pampu ya mwisho. Tunaweka bamba juu yake, basi."

"Jana mlango ulifunguka?"

"Jana ulifunguka vizuri tu. Kutu, afande. Chuma kizee."

Agnia hakumjibu. Alikuwa anatazama kitu chini ya ngazi ya kupandia, mahali ambapo theluji haikufika. Jozi ya buti za sufu zilisimama pale, visigino vimelingana, kama za mtu aliyevua mlangoni kwake ili asichafue. Soli zilikuwa zimeshonwa kwa uzi mweupe.

Klavdia Tikhonovna aliziona pia. Alizichukua, akaingiza mkono ndani ya moja. Ilikuwa baridi kama barafu.

"Chuma hakiliwi na kutu kwa usiku mmoja, Vikenti Osipovich," Agnia alisema. "Asubuhi kuna kitu gani kilifanyika hapa? Kabla hamjaukuta mlango umegoma?"

"Hakuna. Kreni ilileta bamba. Tukapiga kengele ya tahadhari, kama kawaida."

"Inapigwaje?"

"Fupifupi. Nyingi, mfululizo, ili watu wasimame mbali."

Bibi aliinua uso. Alikuwa ameikumbatia ile buti kifuani.

"Ee Mungu wangu," alisema. "Hiyo ni ya dharura. Moto au maji. Saveli aliniambia hivyo tangu tulipooana. Ukiisikia, unafunga mlango wa chumba ulichomo, unaushikilia, na humfungulii mtu. Hata akilia nje. Hata akiwa ndugu yako. Ukifungua, unakiua chombo kizima."

Mhandisi alikuwa wa kwanza kuvua kofia. Bamba liliendelea kuning'inia juu yao, likizunguka taratibu kwenye mnyororo.

"Niuchome huo mlango," alisema kwa sauti ndogo. "Nitaukata kwa gesi. Dakika chache tu."

"Rangi ya ndani na zile sponji za ukutani zitawaka," Demyan alisema. "Atavuta moshi kabla hatujamaliza. Mimi nimekata milango kama huo. Hapana."

"Basi tumwache agande?"

"Nimesema hapana, mkuu. Nifukuze baadaye."

*

Ndani ya pipa, njia ilikuwa nyembamba na taa za mkononi zilitengeneza vivuli vikubwa. Walipita kipande kifupi cha chumba cha sita kilichobaki kwenye ncha iliyokatwa, hadi kwenye ukuta wa chuma wenye mlango wa duara. Agnia aliweka kiganja kwenye mpini. Aliubonyeza kidogo tu. Mpini ulishuka kiasi, kisha ukarudishwa juu. Mtu, upande wa pili, alikuwa ameuegemea.

Agnia aliuachia. Alimwonyesha Demyan kwa ishara.

Karibu na bega lake, ukutani, palikuwa na tundu la mviringo, pana kama kikombe. Nyaya za shaba zilikuwa zimepita hapo tangu Varvara izaliwe, hadi wavunjaji walipozing'oa. Demyan aliinamia tundu hilo.

"Baba! Ni mimi, Demyan. Fungua, twende nyumbani."

Ikajibu sauti kavu, ya mtu ambaye meno yanagongana: "Hakuna baba hapa. Ondoka mlangoni, baharia. Rudi kwenye chumba chako."

"Baba, hakuna moto. Ilikuwa kengele ya kreni."

"Kila mwoga husema hakuna moto."

Klavdia Tikhonovna alimsukuma mkwewe kando. Aliisogeza midomo karibu kabisa na chuma.

"Savushka. Ni mimi."

Upande wa pili kukasikika kitu kikidondoka. Na sauti ya mzee ikabadilika, ikawa ya mtu aliyeshikwa na hofu ya kweli.

"Klava? Nani kakuingiza chomboni? Toka! Klavochka, toka haraka, panda juu, usivute hewa, funika pua! Sifungui. Nikifungua moto utakuja kwako. Usiniombe. Nakuomba wewe, usiniombe."

Mpini ukabanwa kwa nguvu hadi ukalia. Bibi alirudi nyuma, machozi yakimtiririka bila sauti, na juu ya machozi alikuwa anacheka kidogo.

"Huyo ndiye," alimwambia Agnia. "Huyo huyo aliyenioa. Nyumbani hanijui siku tatu sasa. Hapa kanijua." Akajipangusa kwa kiganja. "Lakini mimi siwezi kumtoa. Nikisema neno lingine atashikilia zaidi. Mtoe wewe, mwanangu. Wewe kazi yako ni kuuliza."

Ni kweli kwamba kazi ya Agnia ilikuwa kuuliza. Alikuwa amewahoji wezi wa shaba, walevi waliochomana visu, na wakubwa waliouza meli isiyo yao. Wote aliwahoji kwa njia moja: usimwambie mtu anachopaswa kusema, muulize mpaka yeye mwenyewe akuonyeshe mlango uko wapi. Alivua glavu, akagonga ukuta kwa ufunguo, mara mbili, kwa utulivu, kama anayeita kutoka chumba cha kuongozea nyambizi.

"Chumba cha tano. Hapa Kituo Kikuu. Nipe ripoti."

Aliweka sikio kwenye tundu. Aliweza kusikia pumzi.

"Kituo Kikuu," sauti ilijibu, na ilikuwa imenyooka ghafla. "Chumba cha tano, Burmakin. Mlango umefungwa kwa pande zote. Watu, mmoja. Moshi sioni. Taa hakuna. Joto..." Akatafuta neno. "Joto hakuna."

"Umeumia?"

"Miguu siisikii vizuri. Si kitu."

"Burmakin, unasubiri nini?"

"Nasubiri Kituo kiseme dharura imekwisha. Lazima iseme Kituo. Mtu mwingine hapana."

"Ikisemwa, utafungua?"

"Nitafungua. Lakini siwezi kuondoka." Sauti ilikaribia tundu, ikashuka, kama mtu anayemweleza mgeni kwa subira. "Zamu haiachwi tupu. Aje mtu anipokee. Nimengoja sana, Kituo. Nadhani wamenisahau."

Agnia alisogea karibu zaidi na tundu. Nyuma yake Demyan alikuwa ameupa ukuta uso.

"Hujasahauliwa," Agnia alisema. "Sikiliza. Kwa vyumba vyote. Dharura imekwisha. Narudia, dharura imekwisha. Chumba cha tano, mpokeaji wako yuko mlangoni."

"Nani?"

"Kapteni Tuchkova."

"Tuchkova." Mzee alilionja jina. "Mwanamke?"

"Mwanamke."

"Wanaume wamekwisha, Kituo?"

"Wamekwisha, Burmakin."

"Nilijua tutafika huko," mzee alisema kwa huzuni, na mpini ukashuka.

*

Alikuwa mdogo kuliko picha zake. Suti ya buluu ilimning'inia, vidole vya miguu vilikuwa vyeupe ndani ya zile kandambili, na barafu ilikuwa imeshika nyusi. Klavdia Tikhonovna alitaka kumrukia na blanketi. Agnia alinyoosha mkono kumzuia: kidogo tu. Aliinama, akapita mlango wa duara, akasimama mbele ya mzee, akapiga saluti.

Mzee aliirudisha. Kisha, kwa sababu hakuna zamu inayokabidhiwa mikono mitupu, akamwonyesha chumba.

Hakukuwa na kitu. Kuta zilizong'olewa kila kitu, misumari, alama za kutu sakafuni pale mashine zilipokaa. Mzee alitembea kati ya vitu hivyo visivyokuwepo bila kujigonga hata kimoja.

"Hii pampu ya kushoto ni nzuri. Ya kulia ina deko. Ukimsikia anakoroma, usimfokee, mwekee kiganja hapa, hapa chini, utajua mwenyewe." Akaushika mkono wa Agnia, akauweka hewani. Agnia aliacha mkono pale. "Unasikia?"

"Nasikia."

"Una mkono mzuri. Bodi ya umeme hii, usiiguse umelowa. Na pale kwenye kona huwa natia picha ya mke wangu, lakini leo sijui nimeiweka wapi."

"Nitaitafuta."

Mzee akasimama wima. 

"Zamu nimekabidhi."

"Zamu nimepokea," Agnia alisema.

"Keti basi. Siondoki mpaka uketi."

Akaketi, kwenye chuma kitupu chenye baridi iliyopenya koti na kufika mfupani. Mzee alimtazama kwa muda, akaridhika. Kisha akageuka, akaona nani amesimama mlangoni na blanketi na jozi ya buti, na uso wote ukamfunguka.

"Klava! Umekuja kunipokea bandarini?"

"Nimekuja," alisema mkewe. Alipiga magoti palepale, akamvisha buti mguu mmoja baada ya mwingine, akisugua kila mmoja kwanza kwa viganja. "Umechelewa. Chapati zimepoa."

"Safari ilikuwa ndefu."

"Najua. Twende."

Agnia alisikia hatua zao zikienda pole pole kwenye njia ya chuma, zikasimama. Mzee alikuwa anasikiliza kama kuna mtu anayemfuata. Agnia hakusogea. Hatua zikaendelea. Muda si mrefu ving'ora vya gari la wagonjwa vikalia, vikaondoka kuelekea mjini.

Kichwa cha mhandisi kilichomoza mlangoni. "Kapteni, amesema daktari miguu itapona. Unaweza kutoka. Kuhusu kadi ya huyu kijana, sheria inasema..."

"Kadi iliibwa na mtu asiyejua anachofanya. Ndivyo nitakavyoandika. Una la kuongeza?"

Mhandisi alifikiria lile bamba lililokuwa likizunguka juu ya kichwa chake, na mambo ambayo kapteni angeweza pia kuyaandika. "Sina," alisema, akatoweka.

Demyan alibaki. Alikuwa na barafu ya machozi mashavuni na kofia ya kuchomelea mkononi. Aliingia, akasimama mahali pale pale aliposimama mzee.

"Mimi ndiye nitakayeufunga huu mlango leo," alisema. "Kwa mkono wangu. Sitaki nifunge mahali ambapo zamu imeachwa tupu. Utanicheka?"

"Sikucheki." Agnia aliinuka, viungo vikimlia. "Pampu ya kulia ina deko."

"Najua. Ananiambia kila Jumapili."

"Zamu nimekabidhi."

"Zamu nimepokea."

Agnia alipita mlango wa duara, kisha akageuka. Alikuwa ameuliza maswali tangu asubuhi na bado moja lilimkaba.

"Na wewe, Demyan? Utamkabidhi nani?"

Kijana alienda kwenye ukuta wa mbele, ule uliozibwa tayari, ambao nyuma yake kinu cha Varvara kilikuwa kimelala kimezimika, kikiwa na miaka mingi zaidi ya kungoja kuliko mtu yeyote wa mji ule. Aliugonga kwa kifundo cha kidole, polepole, kama mtu anayemwamsha mwenzake kwa zamu.

"Huyu," alisema. "Huyu haendi popote."

Akatoka mlangoni, akavaa kofia ya kuchomelea, akashusha kioo usoni.